Zamu ya Nani? Mfumo Endeshi na Ugawaji wa Kichakataji kwa Programu zenye Nyuzi Nyingi

1.0 Utangulizi

Mtafiti wa mofolojia ya Kiswahili hana tena haja ya kuhesabu viambishi kwa mkono. Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, iliyoasisiwa na Arvi Hurskainen katika Chuo Kikuu cha Helsinki, ina takriban maneno milioni 25 katika toleo lake la pili. Programu inayoyachambua maneno hayo moja baada ya jingine itachukua muda mrefu, na wakati wote huo itakuwa ikitumia sehemu ndogo tu ya uwezo wa mashine. Kwa kuwa uchambuzi wa sentensi moja kwa kawaida hautegemei uchambuzi wa sentensi nyingine, mtunzi wa programu anaweza kuigawa kopasi mafungu, na kila fungu akalikabidhi kwa uzi wake. Tuseme ametengeneza nyuzi 64, ilhali kichakataji cha mashine yake kina viini 8. Kila kiini huendesha uzi mmoja kwa wakati mmoja. Nyuzi 8 zitakuwa kazini na 56 zitakuwa zikingoja, na hapo hatujazitaja nyuzi za programu nyingine zilizomo katika mashine hiyo hiyo. Ni nani anayeamua nani aingie, akae kwa muda gani, na ampishe nani?

Mhadhara huu unaeleza jinsi mfumo endeshi unavyolijibu swali hilo, kwa kuchukua mfano wa Linux ambao historia yake iko wazi na inaweza kufuatiliwa mwaka kwa mwaka. Hoja yake ni kwamba ugumu wa programu zenye nyuzi nyingi hauko hasa katika wingi wa nyuzi hizo, wala katika kasi ya kumchagua anayefuata. Mambo hayo mawili yalipatiwa ufumbuzi, kwa kiasi kikubwa, kabla ya muongo wa kwanza wa karne hii kumalizika. Ugumu uliobaki ni wa kipimo: inaposemwa kwamba kichakataji kigawanywe kwa haki, ni nani anayehesabiwa? Ni uzi, ni programu, au ni mtu aliyeifungua programu?

Suala hili linawahusu wanaisimu kwa sababu ya kazi ya istilahi. Juhudi za kukifikisha Kiswahili kwenye kompyuta, kama vile mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, zilishughulikia zaidi yale ambayo mtumiaji huyaona: menyu, faili, kuhifadhi, kuchapa. Yaliyomo ndani ya mashine yaliachwa kwa lugha nyingine. Kazi hiyo ikifanywa, mfasiri atakutana na maneno kama haki, zamu, fungu na foleni, na hataweza kuchagua kati yake bila kujua kinachogawanywa na kinavyogawanywa.

2.0 Uzi, mchakato na kiratibu

Programu iliyo kazini huitwa mchakato. Mchakato una eneo lake la kumbukumbu, una faili ulizozifungua, una ruhusa zake. Uzi ni mfuatano mmoja wa amri unaotekelezwa ndani ya mchakato huo. Mchakato waweza kuwa na uzi mmoja au maelfu, na nyuzi zote za mchakato mmoja hula katika chungu kimoja, yaani hutumia kumbukumbu ile ile. Faida yake ni kwamba zinaweza kupashana habari bila kutuma ujumbe; hasara yake itaonekana katika sehemu ya sita.

Neno uzi lina bahati. Halikungoja kamati. Wazungumzaji wa Kiswahili walikwisha kulitumia kwa mfululizo wa majadiliano ya mtandaoni, kama ambavyo mashabiki wa kandanda nchini Tanzania walikwisha kulitumia kwa jezi ya timu. Lakini lina sifa nyingine inayolifaa zaidi kwa somo hili. Istilahi nyingi zilizokopwa, kama programu, faili na seva, zimeingia katika ngeli ya I-/ZI-, ambamo nomino yenyewe haioneshi umoja wala wingi mpaka kitenzi kije. Uzi na nyuzi hutofautiana tangu mwanzo. Katika mada ambayo kisa chake chote ni mmoja dhidi ya wengi, hilo si jambo dogo.

Sehemu ya mfumo endeshi inayochagua uzi wa kuendeshwa huitwa hapa kiratibu. Mratibu angeweza kueleweka pia, lakini ngeli ya A-/WA- ingempa msomaji picha ya bwana aliyesimama pembeni akizitazama nyuzi muda wote, kama mwalimu wa zamu langoni mwa shule. Picha hiyo haiko sahihi. Kiratibu ni sehemu ya kerneli, nayo kerneli ni programu. Uzi unapokuwa kazini ndani ya kiini, kiratibu hakiko kazini katika kiini hicho. Huamshwa kwa nyakati maalumu: uzi unapolala kwa sababu unangoja kitu, uzi mwingine unapoamka, au saa ya mashine inapokatiza kazi. Katika Linux saa hiyo hupangwa kukatiza mara 100 hadi mara 1,000 kwa sekunde.

Uzi huwa katika moja ya hali tatu: uko kazini, uko tayari, au umelala. Ulio tayari una kila kitu isipokuwa kiini cha kuufanyia kazi. Uliolala unangoja jambo la nje, kama vile kitufe kubonyezwa, data kufika kutoka mtandaoni au diski kujibu. Tofauti hii hupuuzwa mara nyingi. Mashine ya kawaida ya mezani huwa na nyuzi zaidi ya elfu moja, na karibu zote zimelala. Hazidai chochote kutoka kwa kiratibu mpaka ziamshwe. Kwa hiyo kusema programu fulani ina nyuzi 500 ni kusema nusu ya habari. Inayopasa kuulizwa ni idadi ya zile zilizo tayari kwa wakati mmoja.

Kiratibu kinapoutoa uzi mmoja na kuingiza mwingine, hubadili muktadha. Mwanaisimu atalifurahia neno hili, maana limekaa mahali pake. Amri moja ya mashine, kama ilivyo kwa kiwakilishi katika sentensi, haina maana kamili bila thamani zinazoizunguka: uzi ulifika amri ya ngapi, na ndani ya rejista mna tarakimu gani. Thamani hizo hutunzwa, na za uzi unaoingia hurejeshwa. Tendo lenyewe huchukua muda mfupi mno, mikrosekunde chache au pungufu. Gharama kubwa zaidi hujificha. Kila kiini kina kumbukumbu ndogo iliyo karibu nacho, yenye kasi kuliko kumbukumbu kuu, na uzi unaoingia huikuta imejaa vitu vya uzi uliotoka. Hutumia muda kuijaza upya kwa vitu vyake, na huenda ukaondolewa kabla haujavinufaika.

3.0 Kugawana na kugawiwa

Mnyambuliko wa kitenzi cha Kiswahili unatoa hapa kitu ambacho lugha nyingi zingekitafutia maneno mawili yasiyo na uhusiano. Kutokana na gawa tunapata gawana na gawiwa. Katika gawana washiriki wanapeana wenyewe kwa wenyewe. Katika gawiwa yuko mwingine anayegawa, na mpokeaji hana kauli.

Mifumo endeshi ya awali ya kompyuta za mezani ilifuata njia ya kugawana. Katika Windows 3.1, na katika mifumo ya Macintosh iliyotangulia Mac OS X ya mwaka 2001, programu ilikaa na kichakataji mpaka yenyewe iamue kukiachia. Programu zilizoandikwa kwa uangalifu zilipishana vizuri. Ikitokea moja yenye kasoro, ikaingia katika mzunguko usiokwisha, mashine nzima iliganda, na watumiaji wa miaka hiyo wanakumbuka dawa yake, ambayo ilikuwa kuizima na kuiwasha upya. Katika njia ya kugawiwa, ambayo mifumo ya aina ya Unix ilikuwa nayo tangu zamani, saa hukatiza kazi na kiratibu huuondoa uzi upende usipende.

Ingedhaniwa kwamba mjadala huo umekwisha, lakini umerudi kwa mlango wa nyuma. Lugha ya programu ya Go, iliyotangazwa mwaka 2009, ina kiratibu chake cha ndani, na kwa miaka mingi nyuzi zake nyepesi ziliachia kiini katika sehemu maalumu tu za programu, kama vile zinapoita kitendakazi. Mzunguko mfupi usioita chochote uliweza kukaa na kiini bila kikomo. Ni toleo la 1.14 la Februari 2020 lililoleta uwezo wa kuukatiza uzi wa namna hiyo popote ulipo.

4.0 Kutoka kupekua foleni hadi kupanda mti

Kiratibu cha Linux katika matoleo ya 2.4 kilikuwa rahisi kueleweka. Kila kilipotakiwa kuchagua, kilipekua orodha nzima ya nyuzi zilizo tayari, kikaupa kila uzi alama, na kumchukua mwenye alama ya juu. Nyuzi zikiwa kumi, kazi hiyo si kitu. Zikiwa elfu kadhaa, kama ilivyokuwa katika seva zilizompa kila mteja uzi wake, kiratibu kilitumia sehemu inayoonekana ya kichakataji kwa kufikiria tu nani afuate. Ni kama ofisi ambayo karani wake huwasomea waombaji wote majalada yao kila anapotaka kumwita mmoja.

Mhandisi Ingo Molnár aliandika kiratibu kipya kilichoingia rasmi katika toleo la 2.6 la Desemba 2003. Kilikuwa na foleni 140, moja kwa kila ngazi ya kipaumbele, pamoja na ramani ndogo ya kuonesha foleni ipi ina watu. Muda wa kuchagua ukawa ule ule, nyuzi ziwe tano au elfu tano. Wakati huo huo Molnár na Ulrich Drepper waliandika upya maktaba ya nyuzi za Linux. Katika jaribio lao maarufu, kuanzisha nyuzi 100,000 kulichukua sekunde mbili kwenye mashine ambayo, bila kazi yao, ingechukua kama dakika 15. Suala la wingi, kwa maana ya kasi, lilikuwa limepata jibu.

Kilichobaki kikawa tabia. Kiratibu hicho kilijaribu kukisia ni uzi upi unamhudumia mtu aliye mbele ya kioo na ni upi unasaga hesabu nyuma ya pazia. Uzi uliolala mara kwa mara ulidhaniwa kuwa unamngoja mtu, ukapandishwa daraja. Makisio hayo yalikuwa na kanuni nyingi, na kila kanuni ilikuwa na programu iliyoiponyoka. Mkosoaji wake mkubwa alikuwa Con Kolivas, ambaye kazi yake rasmi nchini Australia ni udaktari wa nusukaputi. Usingizi wa watu na usingizi wa nyuzi vikawa vyote taaluma yake. Kolivas alionesha mwaka 2007 kwamba makisio yangeweza kuachwa na nafasi yake ikachukuliwa na haki ya wazi. Kiratibu chake hakikupokelewa. Molnár aliandika kingine kwa wazo hilo, akamtaja Kolivas kuwa chanzo cha wazo, nacho kikaingia katika toleo la 2.6.23 la Oktoba 2007.

Utaratibu wa kiratibu hicho cha 2007 unaweza kuelezwa kwa sentensi moja: aliyepata kidogo zaidi mpaka sasa ndiye anayefuata. Kila uzi una saa yake inayohesabu muda uliokwisha kutumia, na nyuzi zilizo tayari hupangwa katika mti kwa kufuata saa hizo, mwenye saa ndogo akiwa kushoto kabisa. Kuuingiza uzi katika mti hakuhitaji kupekua wote. Idadi ya nyuzi ikiongezeka maradufu, hatua huongezeka kwa kama moja tu. Kwa nyuzi elfu moja ni kama hatua kumi, kwa milioni moja ni kama ishirini.

Saa hizo haziendi kwa mwendo mmoja. Tangu siku za Unix kila mchakato una kiwango kinachoanzia -20 hadi 19, na jina lake la asili lina maana ya wema kwa wengine. Kiswahili kina neno linalokaa vizuri zaidi, nalo ni uungwana. Uzi wenye uungwana mwingi hupisha. Saa yake huenda mbio, hivyo huonekana umekwisha kupata vya kutosha. Kila ngazi moja ya uungwana hubadili fungu kwa uwiano wa karibu 1.25.

Palikuwa na mpaka mmoja. Kiratibu kililenga kwamba kila uzi ulio tayari upate zamu ndani ya kipindi kifupi, ambacho kwa muda mrefu wa muongo wa 2010 kilikuwa milisekunde 6 kwa mashine ya kiini kimoja. Lakini kipindi kikigawanywa vipande vidogo mno, muda wote utaishia katika kubadili muktadha. Kwa hiyo kipande hakikuruhusiwa kupungua chini ya milisekunde 0.75. Nyuzi zikizidi 8, kipindi chenyewe kilirefuka: nyuzi 64 zilizo tayari kwenye kiini kimoja zilimaanisha kungoja karibu milisekunde 48 kabla ya zamu kurudi. Kila mmoja alipata haki yake, ila kwa kuchelewa.

5.0 Haki kwa nani?

Turudi kwa mtafiti wa kopasi na nyuzi zake 64. Tuseme mashine ni ya idara, ina kiini kimoja kwa ajili ya urahisi wa hesabu, na mwenzake ameingia na programu ndogo ya uzi mmoja. Kiratibu kinachogawa kwa haki kati ya nyuzi kitatoa mafungu 65 yaliyo sawa. Mtafiti wa kwanza atapata zaidi ya asilimia 98 ya kichakataji, na mwenzake atapata chini ya asilimia 2. Hakuna uzi uliodhulumiwa. Aliyedhulumiwa ni mtu, na kiratibu hakikuwa na habari kwamba kuna watu. Zaidi ya hayo, yeyote atakayegundua siri hii ataongeza nyuzi ili aongeze fungu lake.

Wapishi wa shughuli za pwani wanalijua tatizo hili. Sinia huwekwa kwa idadi ya walaji au kwa idadi ya nyumba zilizoalikwa, na nyumba yenye watoto kumi na wawili ina maoni yake kuhusu hesabu ipi ni ya haki. Kila hesabu ina hoja yake, lakini sharti moja ichaguliwe kabla ya kupakua.

Linux ilichagua kuruhusu hesabu ya pili. Toleo la 2.6.24 la Januari 2008 liliwezesha nyuzi kuwekwa katika makundi, haki igawanywe kwanza kati ya makundi, kisha ndani ya kila kundi. Toleo la 2.6.38 la Machi 2011 likaongeza makundi yanayoundwa yenyewe: kila dirisha la kuandikia amri linakuwa kundi moja. Katika mpango huo mtafiti wa nyuzi 64 na mwenzake wa uzi mmoja watapata nusu kwa nusu. Kila uzi wa yule wa kwanza utapata sehemu moja tu ya 128 ya kiini.

Ufumbuzi huo ulizaa kosa ambalo halikuonekana kwa miaka kadhaa. Mashine za leo zina viini vingi, na kila kiini kina foleni yake. Kwa hiyo kiratibu kina kazi ya pili, ya kulinganisha foleni na kuhamisha nyuzi kutoka penye mzigo mkubwa kwenda penye mdogo. Ili kulinganisha, lazima kila uzi uwe na uzito, na uzito wa uzi ulio katika kundi hugawanywa kwa idadi ya nyuzi za kundi hilo. Mwaka 2016 Jean-Pierre Lozi na wenzake watano waliwasilisha jijini London utafiti juu ya mashine ya viini 64, vilivyopangwa katika makundi nane ya viini vinane vinane. Waliendesha kwa pamoja kazi ya kutafsiri kerneli kuwa lugha ya mashine kwa nyuzi 64, na michakato miwili ya uzi mmoja mmoja ya R, programu ya takwimu inayofahamika vyema kwa wanaisimu wa kopasi. Kwa kuwa nyuzi 64 zilikuwa kundi moja, kila mmoja wake ulionekana kuwa na uzito mdogo kama mara 64 kuliko uzi wa R.

Matokeo yakawa ya ajabu. Penye uzi wa R palionekana pamejaa, ingawa viini jirani katika kundi hilo hilo vilikuwa havina kazi. Kiratibu kililinganisha wastani wa mzigo wa makundi ya viini. Uzi mmoja mzito ukiongezwa kwa viini vitupu na kugawanywa kwa nane hutoa wastani unaofanana na ule wa kundi lililosongamana nyuzi nyepesi. Basi hakuna kilichohamishwa. Nyuzi zilipanga foleni upande mmoja, na upande wa pili viini vilikaa bure. Watafiti walibadili kipimo, wakalinganisha mzigo mdogo kabisa katika kila kundi badala ya wastani, na kazi ya kutafsiri ikamalizika kwa muda uliopungua asilimia 13 bila R kupoteza kitu. Walipata pia makosa mengine ya aina hiyo hiyo, yakiwemo yaliyopunguza kazi ya hifadhidata moja ya kibiashara kwa asilimia 14 hadi 23.

Ni vyema kutua hapa kidogo. Kosa hilo halikuwa la hesabu. Hesabu ilikuwa sahihi. Neno mzigo lilikuwa limebeba maana mbili bila mtu kutambua. Kwa ugawaji ndani ya kiini, uzito wa uzi ulimaanisha haki yake: unastahili kiasi gani. Kwa ulinganishaji wa viini, uzito ule ule ulichukuliwa kuwa kazi: utakishughulisha kiini kiasi gani. Uzi wa kundi kubwa unastahili kidogo, lakini ukipewa kiini kitupu utakitumia chote. Polisemia ya namna hii wanaisimu huishughulikia kila siku. Hapa ilikuwa ndani ya kerneli inayoendesha mashine duniani kote.

Hata haki ikishapimwa vizuri, kiasi si jambo pekee la kugawa. Kiswahili kinatenganisha fungu na zamu: fungu ni kiasi unachopata, zamu ni wakati unaokipata. Kiratibu cha 2007 kiligawa mafungu kwa uadilifu, lakini hakikuwa na njia nzuri ya kupokea ombi la uzi unaotaka kidogo, ila unakitaka mapema, kama ule unaopiga sauti au kusogeza picha. Toleo la 6.6 la Oktoba 2023 lilileta kanuni nyingine, iliyosimamiwa na Peter Zijlstra na kutokana na makala ya Ion Stoica na Hussein Abdel-Wahab ya mwaka 1995. Kanuni hii huweka hesabu ya madeni. Uzi uliopata pungufu ya fungu lake unadai, uliopata zaidi unadaiwa, na ni wale wasiodaiwa tu wanaostahili kuchaguliwa. Miongoni mwao huchaguliwa yule ambaye muda wake wa mwisho wa kuhudumiwa uko karibu zaidi. Uzi unaoomba kipande kifupi hupata muda wa mwisho wa karibu, hivyo hutangulia, lakini hauongezewi fungu.

6.0 Kufuli

Yote yaliyotangulia yamechukulia kwamba uzi ulio tayari ukipewa kiini utafanya kazi. Katika programu zenye nyuzi nyingi sivyo ilivyo daima. Nyuzi 64 za mtafiti wetu zinaandika matokeo katika jedwali moja la hesabu: kiambishi hiki mara ngapi, kile mara ngapi. Nyuzi mbili zikiongeza tarakimu ile ile kwa wakati mmoja, moja ya nyongeza inaweza kupotea. Kwa hiyo jedwali hutiwa kufuli, na anayetaka kuandika sharti alishike kwanza. Iwapo kila neno linahitaji kuandikwa humo, nyuzi 64 zitapiga foleni mbele ya mlango mmoja, na kiratibu, hata kiwe hodari vipi, kitabaki kuzilaza na kuziamsha. Wanafunzi wanaotumia Python wamelionja tatizo hili kwa namna kali zaidi, kwa sababu katika mkalimani wake wa kawaida kulikuwa na kufuli moja kwa programu nzima; uzi mmoja tu uliweza kutekeleza amri za Python kwa wakati mmoja. Toleo la 3.13 la Oktoba 2024 ndilo la kwanza kutoa, kwa majaribio, namna ya kuliondoa.

Kufuli linaweza pia kupindua vipaumbele. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha chombo cha Marekani, Mars Pathfinder, kilichotua katika sayari ya Mirihi tarehe 4 Julai 1997 kikiwa na mfumo endeshi wa VxWorks. Siku chache baadaye kilianza kujiwasha upya chenyewe. Uzi mmoja wa kipaumbele cha chini, uliokusanya data za hali ya hewa, ulikuwa umeshika kufuli. Uzi wa kipaumbele cha juu, uliosimamia mawasiliano ya ndani ya chombo, ulilihitaji kufuli hilo hilo, ukalala kulingoja. Kisha ukaja uzi wa kipaumbele cha kati, usiohitaji kufuli lolote, ukamwondoa yule wa chini kazini kwa kuwa ulimzidi cheo. Wa juu akawa anamngoja wa chini, na wa chini anamngoja wa kati. Mlinzi wa mfumo alipoona kazi muhimu haikukamilika kwa wakati, aliwasha mashine upya. Wahandisi walirekebisha chombo wakiwa duniani, kwa kuwasha uwezo uliokuwemo lakini umezimwa: anayeshika kufuli arithi, kwa muda wa kulishika, kipaumbele cha mkubwa anayelingoja.

7.0 Nyuzi ambazo kerneli haizioni

Kuna njia ya tatu, nayo ni kukiondolea kiratibu mzigo kwa kukificha nyuzi. Kila uzi wa kerneli hutengewa eneo la kumbukumbu la kuwekea mambo yake ya muda; katika Linux ya kawaida hutengewa anwani za megabaiti 8, ingawa kumbukumbu halisi hutumika kadiri inavyoguswa. Nyuzi 100,000 zingetengewa anwani za karibu gigabaiti 800. Go huanza na kilobaiti 2 kwa kila uzi mwepesi na kuongeza inapobidi. Nyuzi hizo nyepesi huendeshwa juu ya nyuzi chache za kerneli, kwa kawaida moja kwa kila kiini, na kiratibu kilichomo ndani ya programu ndicho kinachozipa zamu. Java ilifuata mkondo huo rasmi katika toleo la 21 la Septemba 2023. Njia yenyewe si ngeni: Solaris iliwahi kuwa na mpango wa ngazi mbili wa aina hii, ikauacha katika toleo la 9 la mwaka 2002 kwa sababu viratibu viwili visivyoelewana vilisumbua kuliko kimoja. Uliofanikiwa sasa umefanikiwa zaidi kwa nyuzi zinazolala sana, kama zile za seva zinazongoja mtandao. Kwa mtafiti wa kopasi, ambaye nyuzi zake haziombi usingizi, haumpi chochote. Kwake yeye inafaa zaidi kuwa na nyuzi 8 kwa viini 8, kila uzi na jedwali lake dogo, na majedwali yakajumlishwa mwishoni.

Jina la nyuzi hizi halijatulia katika Kiswahili. Uzi pepe limo katika mapendekezo yanayoweza kutolewa, kwa mfano wa barua pepe, lakini pepe katika barua pepe hueleweka kuwa ya kielektroniki, na nyuzi zote za kompyuta ni za kielektroniki. Uzi mwepesi hueleza kinachoutofautisha: gharama yake ya kumbukumbu na ya kubadili muktadha. Kasoro yake ni kwamba hausemi kuwa kuna uzi mwingine chini yake unaoubeba, na ni huyo mbebaji tu ambaye kiratibu cha mfumo endeshi kinamjua na kumpangia zamu.